Siki Haijachemka

Malatubig, Batangas
24 Januari 1988

Mpendwa mdogo wangu Takyo,

Amani ya Kristo iwe nawe huko majini. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo tangu Krismasi limekataa kupigwa, nami nasali nimekaa kama mgeni. Shemeji yako Berong amenunua jogoo mwingine wa kupigana. Anamlaza ndani ya nyumba na anamwita Jenerali. Binti yetu Delfina ana mimba ya miezi mitatu, na akisikia harufu ya kitunguu anatapika, kwa hiyo mimi mwenye nyumba napikia uani kama niliyefukuzwa.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu mimi ndiye Hermana. Jina langu limesomwa kanisani Jumapili iliyopita: Leonila ndiye mama wa sikukuu ya Mtakatifu Roko, tarehe kumi na sita Agosti. Mlango wangu ndio utakaokuwa wazi kwa kila apitaye, tumjue tusimjue. Na nimemwambia padri, watu wote wakisikia, kwamba kaldereta ya mbuzi safari hii utaipika wewe, kwenye karai la Baba.

Usinune. Tangu Baba atutoke, miaka miwili sasa, mwiko ameushika jirani yetu Mang Usting. Unajua mwaka jana alitia nini? Nanasi. Nanasi, Takyo, kwenye mbuzi! Na maini ya kopo. Watu walikula wameinamisha vichwa kama wako matangani. Nikamwuliza, "Mang Usting, hili nanasi limeingiaje humu?" Akanijibu, "Dunia inakwenda mbele, Nila." Nikamwambia iende salama, lakini isikatishe ndani ya karai letu.

Wewe ni mpishi wa meli, umelisha mabaharia miaka kumi na tisa, na kaldereta ulifundishwa na Baba mwenyewe. Mkataba wako unaisha Julai, uliniambia mwenyewe. Usiniletee sabuni wala chokoleti. Jilete.

Dada yako,
Nila


Las Palmas
2 Machi 1988

Mpendwa Ate Nila,

Nauinua mkono wako, Ate, dada yangu mkubwa, naugusisha kwenye paji la uso wangu, ingawa uko mbali na pengine una unga. Barua yako imenikuta hapa bandarini, imekunjamana kama imekuja kwa miguu. Mimi mzima. Tunapakia samaki wa barafu, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Mpe pole Delfina. Mwambie Shemeji Berong kwamba jogoo akilala ndani ya nyumba, siku moja mwenye nyumba atalala nje.

Hongera kwa kuwa Hermana. Mama angefurahi.

Kuhusu Agosti, nahodha ameniomba niongeze miezi sita, na ni vigumu kumkatalia. Lakini mapishi si siri, ninakuandikia hapa. Mbuzi mmoja: vitunguu kumi na viwili, vitunguu saumu vichwa vitano, pilipili hoho nyekundu, nyanya, viazi, maini yake mwenyewe yaliyochomwa na kusagwa, siki, chumvi viganja vinne. Pika mpaka nyama iachane na mfupa. Mtu yeyote anaweza.

Mdogo wako,
Takyo


Malatubig
5 Aprili 1988

Mpendwa Takyo,

Kristo amefufuka, nasi karibu tufe.

Jumapili ya Pasaka nilichinjisha mbuzi ili nijaribu barua yako. Viganja vinne vya chumvi! Nilisema moyoni labda huko baharini chumvi inapungua nguvu, mimi nani nibishane na mpishi wa meli. Berong alikula kijiko kimoja akainuka akaenda kwenye mtungi. Delfina, ambaye siku hizi anakula mpaka chaki, alisukuma sahani. Tukammwagia Jenerali. Akadonoa mara moja, akainua shingo, akatutazama mmoja mmoja kama anayetaka kujua nani kamkosea.

Takyo, wewe uliitia lini chumvi viganja vinne? Baba alikuwa anatia kimoja, anaonja, anafikiri, anatia robo.

Na kwenye siki umeandika "siki" tu, kama mtu anayetaja jina la jirani aliyegombana naye. Siki ndiyo kaldereta yetu! Kila mtu hapa anajua haikorogwi mpaka ichemke na ule ubichi wake uondoke, kwa sababu ukiigusa mapema inabaki mbichi mpaka mwisho, hata uipikie siku tatu. Lakini imeondoka lini? Baba alikuwa anasimama kimya juu ya moshi, amefumba macho, halafu anasema "Haya." Alikuwa anajuaje? Hilo ndilo ninalolitaka. Niandikie hilo, mengine nitajua.

Au njoo. Miezi sita ya nini? Huna mke, huna deni. Nahodha hana mama yake wa kumpikia?

Nila


Santos
17 Mei 1988

Mpendwa Ate Nila,

Nimeipokea barua yako, nimecheka mahali pa Jenerali. Hapa mvua hainyeshi, inamwagwa. Juzi Jumapili nilipata misa mjini, sikuelewa mahubiri lakini nilisimama walipoinuka na kukaa walipokaa. Nilimwashia Mama mshumaa, na Baba mmoja. Delfina sasa atakuwa na miezi saba, asibebe ndoo.

Chumvi nilikosea. Iwe kiganja kimoja. Kalamu iliteleza. Viazi uvikaange kwanza visivurugike. Maini yasiungue, yakiungua yanakuwa machungu. Hoho uweke mwishoni kabisa zibaki na rangi. Kuni za mwembe zinaacha moshi mwingi, tafuta za mkakauti. Nadhani nimejibu yote.

Ninakuomba jambo moja tu: acha kunitangaza kanisani. Watu wanaanza kungoja, halafu mtu anayengojwa anachoka kabla hajafika. Mang Usting si mpishi mbaya. Mnyang'anye nanasi, basi.

Takyo


Malatubig
12 Juni 1988

Takyo,

Hatujambo. Delfina miguu imevimba. Berong mzima. Goti vilevile.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, Berong akiwa shahidi. Viazi umejibu. Maini umejibu. Kuni umejibu, ambazo sikuuliza. Siki hukuitaja hata kwa bahati mbaya. Mtoto wa Baba yetu hasahau siki. Kwa hiyo hukusahau. Unanificha nini?

Umeoa huko? Kama umeoa, mlete, atakula. Umebadili dini? Niambie tu, nitalia siku mbili halafu nitapika. Au unatuona washamba siku hizi, na sanamu yetu ya mtakatifu na mbwa wake?

Sasa nami nikuambie nililokuficha, maana naona tunachezeana.

Oktoba iliyopita, redio iliposema tufani imeikuta meli yenu na hakuna habari, nilikaa siku kumi na nane sijui kama nina ndugu. Berong alikuwa anaizima redio nami naiwasha. Siku ya kumi nilikwenda kwa Mtakatifu Roko, nikashika mguu wake wenye kidonda, nikaweka nadhiri: akikurudisha hai, sikukuu yake itakayofuata, mikono yako wewe itawapikia watu wake wote. Sikusema mikono yangu. Nilisema yako. Siku ya kumi na nane ikaja simu yako ya maandishi. Ndiyo maana niliomba niwe Hermana. Sikuchaguliwa, niliomba.

Najua mtu haweki nadhiri kwa mikono ya mwenzake. Padri ameniambia hivyohivyo, kwamba haikufungi wewe. Lakini inanifunga mimi, na mimi sina mikono yako! Sasa unanielewa ninavyohangaika? Ninamdai mtu asiyejua kama anadaiwa, na kila nikimwandikia ananijibu habari za kuni.

Usiponiandikia ukweli, usiniandikie.

Nila


Pusan
6 Julai 1988

Mpendwa Ate Nila,

Leo sianzi na hali ya hewa.

Ate, umeiweka rehani mikono yangu kwa mtakatifu bila kuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia uulize na pua.

Usiku ule wa tufani nilianguka jikoni, kisogo kikagonga kizingiti cha chuma. Nilizinduka nikiwa na damu sikioni, lakini mikono yote miwili, miguu yote miwili, nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu nikakaanga kitunguu saumu, na hakukuwa na kitu. Nikadhani kitunguu ni kibovu. Nikanusa samaki, nikanusa dizeli, nikanusa kwapa la msaidizi wangu akadhani nimerukwa na akili. Hakuna, Ate. Mpaka leo. Mdomoni najua chumvi ikizidi sana na sukari ikizidi sana, katikati hapo ni kama kutafuna gazeti. Daktari wa bandari alisema pengine itarudi, pengine hapana.

Hajui mtu ila msaidizi wangu, ambaye ananionjea. Yeye anatoka kwa watu wanaokula chumvi kama wali, kumbe viganja vinne ni vyake. Nahodha akijua nitashushwa. Mpishi asiyeonja ni rubani asiyeona. Nina miaka arobaini na saba, sina kazi nyingine ninayoijua.

Na Baba alikuwa anajuaje siki? Kwa pua, Ate. Nini kingine? Uliniuliza kitu kimoja tu, na ndicho kimoja nisichokuwa nacho. Ningekuandikiaje?

Lakini kwa kuwa ni nadhiri, nakuja. Meli itaingia Manila Agosti kwa matengenezo, nimeomba siku nne. Nitapika kwa mikono yangu na pua yako. Sikiliza vizuri. Tusilizungumze hata mara moja nikifika, hata kwa kunong'ona. Nyumba yetu ni mianzi, na mdomo wa Shemeji Berong ni ngoma. Wewe simama karibu na karai. Ubichi wa siki ukiondoka, sema kwa sauti "Mtakatifu Roko, utuombee." Hakuna atakayeshtuka, unasema hivyo hata ukipenga kamasi. Nikisikia hayo, nitakoroga. Ila mpaka hapo, Ate, nakusihi, uuzuie ulimi wako. Omba kwa watakatifu wengine.

Nina aibu. Lakini nimelala vizuri leo kwa kukuandikia.

Takyo


Manila
12 Agosti 1988
(kwa mkono wa dereva wa basi)

Ate,

Tumeingia. Nitafika Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Fanya kama nilivyokuomba, na tusilizungumze.

Takyo


Malatubig
30 Agosti 1988

Takyo, mdogo wangu,

Naandika sijui utaipata bandari gani. Jana nilipanda basi mpaka Manila, na goti langu hili, na samaki wakavu kwenye kikapu. Mlinzi wa bandari akaniambia, "Mama, meli hiyo imeondoka juzi." Nikakaa kwenye kikapu changu.

Barua yako ya tarehe sita Julai imefika tarehe ishirini na tatu Agosti. Umeelewa? Siku saba baada ya sikukuu. Bahasha ina mihuri miwili. Ilikwenda kwanza Malatubig nyingine, ile ya mkoa wa Quezon, huko wakaishangaa mwezi mzima.

Sikujua kitu! Uliponiandikia "fanya kama nilivyokuomba," nilidhani ni lile la Mei, kwamba nisikutangaze. Nikasema sawa, nitafunga mdomo, mtu amekuja, nadhiri inatimia, nitake nini tena. Ulipoingia ukanitazama kwa macho yale ya kuuliza, nikakutazama na mimi kwa macho ya kujibu, kumbe kila mtu anajibu swali lake.

Nimeirudia siku ile kichwani mpaka imechakaa. Umesimama juu ya karai, mbuzi wanne ndani, siki imemiminwa. Wanaume wamekuzunguka. Mang Usting amekunja mikono yake anasubiri ukosee. Nami nimesimama karibu nawe kwa sababu ya kiburi tu, nataka waone kwamba ni ndugu yangu. Halafu kengele zikalia, mtakatifu anatoka kanisani na mbwa wake, bendi ikaanza. Mimi nitafanya nini, Takyo? Nilifanya ishara ya msalaba nikasema kwa sauti, "Mtakatifu Roko, utuombee!"

Ukakoroga.

Siki ilikuwa bado inawasha macho. Mang Usting alipiga kelele, "Toba! Amekoroga!" kama aliyeona mtu anasukumwa kisimani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakugeukia mbele ya wote: "Wewe una wazimu? Hata Delfina na kichanga chake wanajua siki mbichi haikorogwi! Huko melini unawalisha watu au nguruwe?" Ukanitazama. Ukasema polepole, "Umesema mwenyewe, Ate." Nikadhani unanidhihaki. Nikakunyang'anya mwiko. Hilo la mwiko ndilo linaloniamsha.

Watu walikula, huwezi kukataa chakula cha mtakatifu. Walikula machozi yakiwatoka, wengine wakasema ni ibada. Wewe ukaosha karai peke yako, hukumruhusu mtu, na alfajiri ukaondoka bila kahawa.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikuwa bado nimesimama mlangoni. Berong akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia, "Hajafa mtu. Kuna mjinga mmoja tu, nimempata." Sikumwambia zaidi. Ngoma ni ngoma.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilisimama pale nje wanapouza keki za mchele, nikasema wote wasikie: "Kaldereta ile ilichachuka kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemwamuru Takyo akoroge. Yeye alijua, mimi nikashupaa kwa kuwa ni Hermana, naye akaniheshimu dada yake." Mang Usting akasema, "Nilijua tu. Mwanamke karibu na karai!" Tangu hapo ananicheka kila nikienda kisimani, na mwakani ameshajiteua yeye. Nanasi linarudi.

Nikaenda kuungama. Nikasema, "Padri, nimesema uongo, nilisema mimi ndiye niliyemwamuru." Akauliza, "Hukumwamuru?" Nikasema, "Nilimwamuru, ila sikujua kama namwamuru." Akauliza, "Basi unaungama nini, mama?" Siwezi kumweleza bila kutoa siri yako. Nikamwambia anipe kitubio tu, tusipotezeane muda. Akanipa rozari mbili, nikamsikia anakohoa kicheko.

Nadhiri yangu niliahidi mikono, na mikono ilikuja. Mtakatifu hanidai. Wewe ndiye unayenidai, kwa maneno yale. Niyarudishe vipi? Nisamehe. Niandikie, hata tusi.

Nila


Kobe
9 Oktoba 1988

Mpendwa Ate Nila,

Mpe kichanga cha Delfina busu, sikumshika vya kutosha. Barua yako nimeipata hapa. Niliisoma kwenye ghala la viazi, mlango nimeufunga, msaidizi wangu akawa anagonga akidhani nimeanguka tena.

Ate, umenichosha. Karibu miezi miwili nilikuwa nakukasirikia vizuri kabisa. Nilishakuandikia barua mbili za hasira, zote nimezitupa baharini, na moja ilikuwa nzuri. Sasa nitamkasirikia nani? Malatubig ya Quezon?

Halafu ukaenda kujipaka masizi mbele ya kijiji kizima, kwa Mang Usting, ili pua yangu isijulikane. Nilipofika hapo nikaona haya. Dada yangu mwenye goti bovu amesimama mbele ya watu mia mbili, na mimi najificha kwa watu ishirini na wawili.

Nikavua aproni nikapanda juu kwa nahodha. Yeye ni mtu wa Iloilo, mpole, haongei sana. Nikamweleza yote, tufani, kizingiti, msaidizi. Akauliza, "Tangu Oktoba ya mwaka jana?" Nikasema ndiyo, bwana. Akasema, "Pole sana, Takyo. Mimi mwaka mzima nilidhani umezeeka tu, nikawa nawazuia vijana wasikuambie."

Mwaka mzima, Ate! Nilikuwa nafunga mlango, nanong'ona na msaidizi kama wezi, kumbe meli nzima inameza kwa huruma. Wewe ulikula chakula changu siku moja ukanipigia kelele. Nimeona afadhali wewe.

Nashuka Desemba, meli ikirudi Manila. Nahodha anataka kuniombea kazi ya stoo, kuhesabu magunia ya mchele, kazi isiyohitaji pua. Sijajibu. Kwanza nakuja nyumbani, na mbele ya Mang Usting nitasema mwenyewe ni nini kilichotokea, uache kutukanwa kisimani.

Kwenye bahasha ya barua hii nimeandika Batangas kwa herufi kubwa, nimepigia mistari miwili. Hata hivyo siiamini. Ikiwa nitafika kabla yake, usinikaribishe ndani. Nisimamishe hapohapo mlangoni, uniulize kila kitu kwa mdomo, kwa sauti, hata Berong akisikia.

Mdogo wako,
Takyo